Miji Midogo Isiyoandikwa

Msomaji, ukiombwa uitaje miji yenye historia, bila shaka utataja Roma, na Kairo, na London. Na ukikaribia nyumbani utataja Unguja, Mombasa na Lamu. Ni wachache watakaojibu kwa kutaja Gede, au Mambrui, au Ngomeni. Na nje ya Malindi ni shida kumpata mtu atakayetaja Muyeye. Kosa hili si la usahaulifu peke yake. Latokana na mazoea yetu ya kuupima ukubwa wa jambo kwa wingi wa karatasi zilizoandikwa juu yake. Mji ulioandikwa sana twauita mkubwa. Mji usioandikwa twaupita kwa gari, tukiutazama dirishani kama tutazamavyo miti. Katika insha hii nakualika tufanye safari fupi katika miji midogo ya pwani ya Malindi, ili tuone kama kipimo hicho ni cha haki.

Tuanze Muyeye, kwa sababu safari njema huanza mlangoni. Muyeye ni kitongoji cha Malindi. Hakina ngome wala msalaba wa mabaharia, na mgeni ashukaye kutoka Mombasa kuja kutazama mambo ya kale haonyeshwi njia ya kwenda huko. Nyumba nyingine ni za mawe na mabati, nyingine ni za udongo zilizoezekwa makuti. Nenda kwanza ukatazame jinsi nyumba ya udongo ijengwavyo. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba, kisha udongo uliokandwa kwa maji hujazwa na kusawazishwa kwa mkono. Ni nyumba ya baridi wakati wa joto, wala haimfilisi mwenyewe. Lakini ikihamwa, mvua za masika chache hutosha kuirudisha ardhini, na aliyekaa humo hasaliwi na alama. Jambo hili liweke moyoni, maana tutalirudia mwisho wa safari.

Kutoka Muyeye twende ufukweni mwa Malindi, mji uliobahatika kuandikwa mapema. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina wakiwa na twiga, zawadi kwa mfalme wa nchi ile. Na waandishi wa baraza yake wakamfananisha mnyama huyo na mnyama wa heri atajwaye katika hadithi zao. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa. Alikuwa ametoka Mombasa, ambako hakupatana na wenyeji. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wake na Mombasa, alimpokea vema na kumpa rubani wa kumvusha bahari mpaka Bara Hindi. Msalaba wa mawe ukumbushao safari ile ungali umesimama juu ya mwamba, ukipigwa na mawimbi ya kusi. Mwaka 1542 Francis Xavier, mmisionari wa Kikatoliki, alipita hapa akielekea Bara Hindi. Mambo haya yote twayajua kwa sababu walioyatenda, au wenzao, walikuwa na kalamu.

Lakini kalamu nayo hukosea. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilifundisha kwamba rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa mashuhuri wa elimu ya bahari katika nchi za Waarabu. Wataalamu wengi wa siku hizi hawakubali. Wao huona kwamba rubani alikuwa mtu wa Gujarati, katika Bara Hindi. Basi hata jambo lililochapishwa mara elfu yafaa lipimwe. Mwanafunzi wa historia ni kama hakimu: humsikiliza shahidi aliyevaa vizuri, lakini hamwamini kwa ajili ya kanzu yake.

Sasa tushike njia ya kusini, kiasi cha kilomita 15, mpaka Gede. Leo Gede ni mji mdogo wa kandokando ya barabara, wenye soko, maduka na kelele za abiria. Nyuma yake pana msitu, na ndani ya msitu pana mji mwingine ulionyamaza. Ingia polepole. Utakuta kuta za mawe ya matumbawe zilizounganishwa kwa chokaa, na mizizi ya miti mikubwa imezikumbatia kama mkono ushikao fimbo. Utaona msikiti wa Ijumaa na mihrabu yake. Kisima kando yake, na mfereji uliopeleka maji mpaka kwenye birika la kutawadhia. Jumba la mfalme lenye nyua na vyumba vingi. Na makaburi, mojawapo likiwa limechorwa mwaka 802 wa Hijra, yaani mwaka 1399. Ukuta wa nje ulizunguka ekari zipatazo 45. Nyumba za matajiri zilikuwa na vyoo vya ndani na mahali pa kunawia, katika zama ambazo watu wengi wa miji ya Ulaya hawakuwa na starehe kama hiyo.

Sasa sikiliza ajabu yake. Wareno walikaa Malindi karibu karne nzima, tangu mwanzo wa karne ya 16 mpaka mwaka 1593, walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa na kuhamishia nguvu zao huko. Walikuwa mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Gede. Waliandika barua, hesabu za bidhaa na habari za safari. Lakini hawakuacha maelezo yo yote yajulikanayo ya mji huu wa mawe uliokuwa karibu nao kiasi hicho. Pengine ni kwa sababu Gede haikujengwa ufukweni, na wao waliijua nchi kwa kuitazama kutoka baharini. Pengine wenyeji hawakupenda kuwaonyesha. Kwa vyo vyote, mtu aliyetegemea karatasi zao tu angeapa kwamba mahali pale palikuwa msitu mtupu.

Kilichoandika habari za Gede ni ardhi yenyewe. Kuanzia mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alichimba magofu haya kwa miaka kumi. Nyumba nyingi alizipa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha za Kichina. Zilitoka shanga za Venezia, vyombo vya kauri vya Uchina na vyungu vya Uajemi, na pamoja navyo, kwa wingi zaidi, vyungu vya udongo vilivyofinyangwa papa hapa. Tafakari, msomaji. Mama mmoja wa Gede alikata kitambaa kwa mkasi uliofuliwa ng'ambo ya bahari mbili, akapikia chungu kilichofinyangwa na jirani yake. Hizo ni habari ambazo hakuna mjumbe aliyezipeleka kwa mfalme wake, nazo ni za kweli kuliko sifa nyingi za wafalme.

Tena tusisahau vyungu vile vya nyumbani. Zamani waandishi wengi, kwa kuona mawe na kauri, walisema miji hii ilijengwa na wageni waliokuja kwa majahazi, na wenyeji wakawa watazamaji. Uchimbaji uliofanywa tangu hapo katika pwani yote umeonyesha vingine. Chini ya nyumba za mawe hukutwa alama za nyumba za udongo na miti. Na vyungu vya nyumba hizo ni ndugu wa vyungu vya bara. Miji ilianza kama vijiji vya wakulima na wavuvi Waafrika, ikakua kwa biashara, ikapokea dini na wageni, na mwishowe wenye mali wakajenga kwa mawe. Nyumba ya udongo ndiyo mama wa nyumba ya mawe.

Kwa nini Gede ikahamwa mwanzoni mwa karne ya 17? Usitafute adui mmoja. Vita vya Mombasa na Malindi viliivuruga nchi. Mwaka 1589 kundi la wapiganaji lililoitwa Wazimba lilipita katika pwani likiharibu. Malindi ilipopoteza cheo chake biashara ilisinzia. Waoromo wafugaji walisukuma kutoka kaskazini. Na kisima cha msikiti kina ushahidi wake: kiliongezwa kina, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka. Mji huweza kustahimili vita, na huweza kustahimili ufukara. Lakini ndoo ikitoka kisimani tupu, kila mtu hufunga mzigo wake.

Habari za wakati ule zimo pia vinywani mwetu. Umesikia methali isemayo, Mgala muue na haki umpe. Mgala ni jina ambalo watu wa pwani waliwaita Waoromo, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Methali ile ni hati ya kale isiyo na karatasi: yatuambia kwamba watu wa pwani walipigana na Waoromo, na kwamba hata katikati ya uadui walijua kuwa adui ana haki yake. Ukitaka kuisoma historia ya pwani, soma methali kama usomavyo mawe. Na dunia nayo imeanza kusikia: mwezi wa Julai 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mji ambao majirani hawakuuandika sasa umeandikwa mbele ya mataifa yote.

Turudi Malindi, maana mji huu ulikufa na kufufuka. Baada ya mfalme wake kuhamia Mombasa, Malindi ilidhoofika mpaka ikawa magofu yaliyofunikwa na vichaka. Mnamo mwaka 1861 Sultani Majid wa Unguja aliuanzisha upya. Askari waliletwa, wenye mitaji wakafuata, na nyika ikafyekwa kuwa mashamba ya mtama, mahindi na ufuta. Nafaka ya Malindi ilijaza majahazi ikapelekwa Unguja na Arabuni. Ukisoma habari hizo utapata majina ya masultani na ya wenye mashamba. Lakini jembe lilishikwa na nani? Lilishikwa na maelfu ya watumwa, walionyakuliwa katika nchi za mbali, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na Unguja. Hao ndio walioujenga mji huu mara ya pili. Walilala katika vibanda vya udongo na makuti, na majina yao hayamo katika mawe.

Si wote waliokubali. Wengi walitoroka, wakaingia bara na kujenga vijiji vyao wenyewe. Kijiji kimoja mashuhuri, Fuladoyo, kilikuwa katika nchi ya Wagiriama. Fikiri ujasiri wa mtu asiyejua njia ya kwao, aliyezungukwa na msitu na wawindaji, naye akachagua kujenga mji wa watu huru. Miji kama hiyo ni midogo mno katika ramani, lakini sioni mji uliojengwa kwa sababu bora kuliko hiyo.

Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mabwana walilipwa fidia. Watumwa walipata uhuru, bila shamba. Mwaka uliofuata, 1908, ilitungwa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze mbele ya afisa wa Serikali na kuleta ushahidi wake. Na ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua kalamu, na desturi za ofisi, waliandikisha. Waliokuwa watumwa jana, na Wamijikenda wengi waliolima kwa desturi ya mababu, hawakuandikwa. Hivyo mtu aliamka maskwota juu ya shamba aliloliotesha minazi kwa mikono yake. Kesi na ugomvi wa ardhi wa pwani, usikiao mpaka leo nyumbani kwenu, umeota mizizi yake mirefu hapo. Basi usidhani kuandikwa na kutoandikwa ni mchezo wa wasomi. Kwa watu wa pwani kulikuwa ni kuwa na mahali pa kuzika mzee wako, au kukosa.

Sasa tuvuke mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Mto huu unatoka mbali, katika nyanda za juu za Kenya, ambako huitwa Athi, na katikati huitwa Galana. Wakati wa mvua hubeba udongo mwekundu wa bara ukaigeuza bahari rangi ya kahawia. Ng'ambo yake Wagiriama walilima nafaka nyingi. Serikali ya Kiingereza ilipotaka kodi zao na vijana wao wakafanye kazi za mashamba, alisimama mwanamke, Mekatilili wa Menza, aliyewakusanya watu kwa ngoma na kuwaapisha kwa kiapo. Mwaka 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishiwa magharibi ya Kenya. Wakatoroka na kurudi kwao. Mwezi wa Agosti 1914 Serikali iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Nyumba zikachomwa, faini ikatozwa, na wakulima wakafukuzwa ng'ambo ya Sabaki. Baadaye waliruhusiwa kurudi. Mekatilili hakuacha kitabu. Lakini tazama: maafisa waliomfunga wamebaki katika majalada, naye amebaki katika vinywa vya watu, na leo jina lake lafundishwa shuleni.

Kiasi cha kilomita 15 kutoka Malindi utafika Mambrui, mji mdogo wa Waislamu, wenye misikiti na vyuo, uliokaa juu ya mchanga ukiielekea bahari. Hapa pana kaburi la mnara la zamani, lililopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina yaliyopachikwa katika chokaa. Mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na Uchina walipata hapa sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle, yaani enzi ya mfalme yule yule aliyepelekewa twiga. Nakuomba uyaweke pamoja mambo haya mawili. Karatasi ya Uchina ilisema, Malindi ilituletea twiga. Mchanga wa Mambrui umejibu kwa sarafu ndogo yenye tundu katikati. Mashahidi wawili wasiojuana wamekubaliana. Hapo ndipo mwanahistoria hupata usingizi.

Mbele zaidi, kupita mashamba ya chumvi ya Gongoni, kipo kijiji cha wavuvi, Ngomeni. Utaona mitumbwi, nyavu na mikoko. Lakini tupa macho baharini, utaona vyuma vimesimama juu ya maji. Hapo Waitalia walijenga kituo cha kurushia satelaiti, na roketi ziliruka kutoka hapo tangu mwaka 1967 mpaka mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru wake, ilirushwa satelaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru, kwa Kiswahili. Ilitambua vyanzo zaidi ya 300 vya miali hiyo, na wataalamu wa nyota po pote duniani hulijua jina lake. Hata hivyo wapo wanafunzi wa pwani wanaomaliza shule bila kuambiwa kwamba neno la lugha yao liliandikwa mbinguni kutoka kijiji cha wavuvi, nusu siku ya safari kutoka kwao.

Jua limeshuka, msomaji. Turudi Muyeye tulikoanzia. Tazama tena ile nyumba ya udongo. Asubuhi ulikuwa ukiiona nyumba tu. Sasa wajua kwamba katika nyumba kama hiyo walianza waliojenga Gede. Katika nyumba kama hiyo walilala waliolima Malindi ya mtama. Na katika nyumba kama hiyo yuko bibi ambaye babu yake huenda alivuka Sabaki usiku akifukuzwa, au alitoroka bwana wake akafuata nyota. Habari zake hazimo maktabani. Zimo kifuani mwake, na kifua ni nyumba ya udongo: kikihamwa, hakisaliwi na alama.

Basi fanya kazi ambayo Mreno wa Malindi hakuifanya kwa Gede. Chukua daftari. Muulize mzee wa kwenu jina la kitongoji chenu lilitoka wapi, nani alichimba kisima cha kwanza, mwembe ule mkubwa ulipandwa na nani, na watu walikuja kutoka upande gani na kwa sababu gani. Andika jina la msimulizi na tarehe. Usimsahihishe akisema; kisha nenda kwa mzee wa pili, mwulize yale yale, uone wapatanapo na watofautianapo, kwa kuwa mzee naye huweza kukosea kama kitabu. Ukiona kigae cha chungu kimetokeza shambani, usikitie mfukoni. Kiache mahali pake na umwambie mwalimu wako, maana kigae kilichohamishwa ni shahidi aliyekatwa ulimi. Wala usichukue jiwe la gofu kujengea, hata kama jirani amechukua.

Ukijaza kurasa kumi tu, mji wako mdogo utakuwa umeandikwa, tena na mtu wa humo. Anza jioni hii, kabla taa hazijazimwa, wakati wazee wangali barazani.